Kurudi kwenye Mega Man: anza na gemu ya pili

Wengi walionieleza kwamba walijaribu kurudi kwenye Mega Man wakashindwa wana kisa kimoja. Walifungua gemu ya kwanza kwa kuwa ndiyo ya kwanza, wakachagua bosi (adui mkuu anayekusubiri mwisho wa steji) aliyewavutia kwa sura, wakafa mara kumi na tano kabla hata ya kumfikia, wakazima. Tangu hapo wanasema gemu za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya kutesa watu. Mimi nazipenda mno gemu hizi kiasi cha kutotaka uondoke ukiwa na wazo hilo, ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Ni ngumu, kweli, lakini zinafundisha, na ukiingilia mlango sahihi utasikia zikikufundisha.

Kwa ambaye kumbukumbu imefifia: Mega Man ni roboti mdogo wa buluu anayekimbia, kuruka na kufyatua risasi kutoka kwenye mkono wake. Gemu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Capcom nchini Japani tarehe 17 Desemba 1987 kwa ajili ya konsoli ya Famicom, ambayo nje ya Japani ilijulikana kama NES. Huko Japani shujaa huyu anaitwa Rockman, na dada yake ni Roll, kwa hiyo familia nzima imebeba jina la muziki. Aliyeongoza gemu mbili za kwanza ni Akira Kitamura. Keiji Inafune, ambaye jina lake ndilo hutajwa zaidi, alianza kama mchoraji chini yake.

Kinachoutofautisha mfululizo huu ni kwamba unajichagulia mwenyewe pa kuanzia. Skrini inakuonyesha sura za mabosi, unachagua mmoja, unapita kwenye steji yake, unapigana naye. Ukimshinda unachukua silaha yake, na silaha hiyo ni sumu kwa bosi mwingine. Kazi yako ni kugundua nani anamuogopa nani.

Hatua ya 1: Pata toleo zuri

Njia rahisi kwa sasa ni mkusanyiko wa Mega Man Legacy Collection, uliotoka mwaka 2015 ukiwa na gemu sita za kwanza, zile zote za NES. Wa pili, Legacy Collection 2, ulitoka 2017 na una gemu ya 7 hadi ya 10. Ipo ya PC, PlayStation 4, Xbox One na Switch. Mkusanyiko wa kwanza unakuruhusu kuhifadhi mchezo mahali popote, na toleo lake la Switch, la mwaka 2018, liliongezewa kitufe cha kurudisha mchezo nyuma sekunde kadhaa. Kuhusu kitufe hicho nina la kusema hapo chini.

Ukiwa na konsoli ya zamani na kaseti zake, jambo moja la kuangalia kabla ya kununua kaseti yoyote ni eneo ilikotengenezewa. Konsoli za Ulaya zilikwenda kwa hezi 50 badala ya 60 za Japani na Marekani, na gemu isiyorekebishwa huenda polepole kwa karibu asilimia 17. Muziki nao unazubaa. Kaseti isiposhika, futa meno yake kwa pamba yenye spiriti, uiache ikauke. Usiipulizie kwa mdomo, maana unyevunyevu wa pumzi ndio unaoleta kutu.

Hatua ya 2: Tayarisha skrini, pedi na masikio

Usiiruke hatua hii. Gemu za NES zinachora picha 60 kwa sekunde, na ule muda kati ya kubonyeza kitufe na kuona shujaa akiruka ulikuwa mfupi sana kwenye televisheni za kioo kinene. Televisheni bapa za leo huipamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo unakula muda. Ikichelewesha kwa milisekunde 100, umepoteza picha sita nzima. Utabonyeza kuruka ukiwa ukingoni, na Mega Man atatumbukia shimoni huku ukiapa kwamba ulibonyeza. Ulibonyeza kweli. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, tafuta hali ya gemu, iwashe.

Umbo la picha liache kwenye 4 kwa 3. Ukiivuta ijaze skrini pana, Mega Man ananenepa na macho yako yanakosea umbali wa mashimo. Ukiona maadui wakimetameta wanapokuwa wengi kwenye mstari mmoja, usidhani kifaa kimeharibika: NES haikuweza kuchora zaidi ya vipande 8 vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa skrini, kwa hiyo ilivionyesha kwa zamu.

Kwenye pedi, tumia vitufe vya msalaba kwa mwendo, uachane na kijiti cha duara. Kijiti kinateleza kwenda juu au chini wakati wewe unataka kulia tu, na kwenye ngazi za kupandia kosa hilo linaua. Panga kitufe cha kufyatua na cha kuruka viwe jirani, ili tumbo la kidole gumba likandamize cha kufyatua huku ncha ikibonyeza cha kuruka. Kwenye gemu mbili za kwanza hutaona faida kubwa. Kuanzia ya nne, ambapo unashikilia kitufe ili kujaza risasi kubwa, utashukuru.

Halafu vaa visikizi. Chipu ya sauti ya NES ina njia tano tu, na kila unapofyatua risasi, mlio wa risasi unaazima njia moja kutoka kwenye muziki. Ukisimama bila kufyatua unasikia wimbo mzima. Manami Matsumae alitunga wa gemu ya kwanza. Wa gemu ya pili, hasa ule unaopigwa unapoingia ngome ya Dokta Wily, adui mkuu wa mfululizo, ni kazi ya Takashi Tateishi, na mimi husimama pale mwanzo wa steji nikausikiliza hadi urudie kabla sijapiga hatua.

Hatua ya 3: Fungua Mega Man 2

Mega Man 2 ilitoka Japani tarehe 24 Desemba 1988. Ina mabosi wanane badala ya sita, ina makopo ya nishati yanayojaza uhai wako wote (unaweza kubeba manne), na ina nywila ya kuendelea siku nyingine. Toleo la Marekani linakuuliza mwanzoni kama unataka kiwango cha kawaida au kigumu. Kile kigumu ndicho kilichokuwa gemu yenyewe kule Japani. Kwa kurudi mara ya kwanza chagua cha kawaida, bila aibu: risasi zako zinawaumiza mabosi maradufu, lakini steji ni zilezile.

Anza na Metal Man. Steji yake ina mikanda ya sakafu inayokusukuma na vyuma vinavyoshuka kutoka juu, na hapa ndipo ninapotaka ujifunze namna ya kuisoma steji ya Mega Man. Usikimbie. Kila hatari mpya huwa inaletwa kwanza mahali ambapo ukikosea hufi: chuma kimoja kinachoshuka juu ya sakafu salama, halafu viwili vyenye nafasi finyu, kisha vya pamoja na mkanda na adui. Ukiona kitu kigeni, simama nje ya upeo wake uhesabu mapigo yake. Mega Man akiacha kubonyezwa husimama papo hapo, hatelezi, na ukiwa hewani bado unaweza kumgeuza. Urefu wa kuruka unategemea muda ulioshikilia kitufe. Wengi wanaruka juu kabisa kila mara na kugonga vichwa mahali ambapo mguso mdogo ungetosha.

Adui akikugusa unarushwa nyuma kidogo, na hapo ndipo vifo vingi hutokea: si jeraha lenyewe, ni shimo lililo nyuma yako. Kabla ya kufyatua, tazama unasimama wapi.

Ukishamshinda Metal Man unapata Metal Blade, na kwa maoni yangu hakuna silaha bora zaidi katika mfululizo wote. Inarushwa pande nane, inakula nishati kidogo mno, na inaumiza karibu kila kitu. Baadaye, kwenye ngome, utakapolazimika kupigana na mabosi wote tena, irushe kwa Metal Man mwenyewe. Moja au mbili tu zinatosha.

Kuna mpangilio wa mabosi unaozunguka kwa usafi, kila silaha ikimwangukia anayefuata. Mimi napendekeza tofauti kidogo, kwa sababu ya vifaa:

Wa pili mfuate Air Man, kwa risasi za kawaida. Vimbunga vyake vinakuja kwa mipangilio michache inayojirudia, kwa hiyo ukifa mara tatu utakuwa umeshavijua. Faida yake kubwa ni kifaa cha Item-2, chombo kinachoruka mbele moja kwa moja huku umekipanda. Kisha tumia Air Shooter kwa Crash Man, ambaye hawezi kuistahimili. Flash Man anaumizwa na Metal Blade na vilevile Crash Bomber, silaha ya Crash Man.

Flash Man anakuachia Time Stopper, inayogandisha wakati, na sasa unakabiliwa na uamuzi. Steji ya Quick Man ina sehemu za kushuka ambapo mionzi inafunga njia kutoka pembeni, na mguso mmoja ni kifo. Time Stopper inaigandisha, lakini ukishaiwasha haizimiki hadi nishati iishe. Na hiyo hiyo, ikiwa imejaa, inamnyang'anya Quick Man nusu ya uhai wake. Ushauri wangu: jifunze mionzi kwa miguu yako. Njia ni ileile kila mara, kushoto, kulia, dondoka, na baada ya majaribio kadhaa mikono inaenda yenyewe. Siku niliyoshuka pale bila kusimamisha wakati ndiyo siku niliyoelewa kwa nini watu bado wanaicheza gemu hii. Quick Man mwenyewe mgandishe nusu, ummalizie kwa Crash Bomber.

Wamebaki watatu. Bubble Man anaanguka kwa Metal Blade, ila angalia dari ya chumba chake: ndani ya maji unaruka juu sana na juu kuna miiba. Kwa Heat Man utakutana na matofali yanayotokea na kupotea juu ya shimo refu. Hapo ndipo Item-2 ya Air Man inapolipa, panda uvuke. Bubble Lead inamzima. Wa mwisho ni Wood Man, na kinachomteketeza ni Atomic Fire, silaha ya Heat Man, iliyojazwa hadi mwisho.

Kwenye ngome ya Wily, weka akilini sehemu mbili. Bosi wa steji ya nne ni mizinga mitano iliyofungwa ukutani, mingine nyuma ya vizuizi, na kinachoiharibu ni Crash Bomber peke yake. Silaha hiyo ikijaa ina mabomu saba tu. Kila bomu lina mahali pake, na ukipoteza moja ovyo umekwama. Ingia ukiwa umeijaza, na ukifa usiingie tena mikono mitupu: ni afadhali uziache roho zilizobaki ziishe, kwa sababu baada ya kuendelea upya silaha zinarudi zikiwa zimejaa. Sehemu ya pili ni bosi wa mwisho kabisa, anayeumizwa na Bubble Lead tu. Usiimalize njiani, steji yake haina maadui wa kuangusha nishati.

Hatua ya 4: Amua kuhusu kurudisha nyuma

Sasa kile kitufe. Kukitumia kila unapokosea kunakuharibia kitu ambacho gemu imejengwa juu yake. Steji za Mega Man ni fupi, na ukifa unarudi katikati au mwanzo ili upite tena pale ulipopita kwa shida na kuona kwamba sasa unapita kwa wepesi. Ukirudisha sekunde tano unaruka shimo lakini hujajifunza kuruka shimo, na lijalo litakukuta vilevile.

Mimi najiwekea kanuni hii: nahifadhi mwanzoni mwa steji, na tena mlangoni kwa bosi, basi. Kuhifadhi mlangoni kunakupa nafasi ya kumsoma bosi bila kuivuka steji nzima kila mara, na kwa mtu mwenye nafasi ya saa moja tu kila jioni ni haki yake. Kama vidole vyako vina maumivu, au macho hayafuati tena kasi ile, tumia kila msaada uliopo. Nimeandika kanuni kwa ajili ya anayeweza na anayetaka.

Hatua ya 5: Sasa rudi kwenye ya kwanza

Baada ya ya pili, gemu ya kwanza inaonekana kwa sura nyingine, kama mchoro wa penseli wa picha unayoijua. Haina makopo ya nishati wala nywila, na inakuhesabia alama ambazo hazina kazi. Miiba yake inaua hata ukiwa bado unametameta baada ya kugongwa, muda ambao maadui hawakuumizi, jambo lililolegezwa baadaye.

Hapa mzunguko wa mabosi ni mfupi na mtamu, hivyo ufuate kama ulivyo. Mshinde Bomb Man kwa risasi za kawaida. Bomu lake linamfaa Guts Man. Nguvu za mikono za Guts Man zinaokota mawe ya kumtupia Cut Man. Mkasi wa Cut Man unamkata Elec Man, umeme wa Elec Man unampiga Ice Man, na barafu ya Ice Man inamzima Fire Man. Ukiwa kwenye steji ya Elec Man, usipite bila kuchukua Magnet Beam, kifaa kinachokutengenezea vijukwaa hewani. Kimefichwa nyuma ya matofali ambayo nguvu za Guts Man zinayaondoa, na kwenye ngome utakihitaji.

Kwenye ngome anakusubiri Yellow Devil, jitu la manjano linalojivunja vipande na kuruka upande wa pili kipande kwa kipande. Kuna ujanja maarufu: umfyatulie umeme wa Elec Man jichoni, kisha ubonyeze kitufe cha kusimamisha mchezo mara nyingi, na mpigo mmoja unahesabiwa tena na tena. Unafanya kazi. Lakini vipande vile vinaruka kwa mpangilio uleule kila mara, na ukishaujua ni kama kuruka kamba. Jaribu walau mara kumi kwa njia ya halali kwanza.

Hatua ya 6: Ya tatu na ya nne, kwa mpangilio

Mega Man 3, ya mwaka 1990, inakupa vitu viwili ambavyo ukivizoea hutaki kuvikosa: kuserereka chini kwa kubonyeza chini na kuruka, na Rush, mbwa wa roboti. Anza na Top Man au Magnet Man kwa risasi za kawaida, lakini usichelewe kwa Needle Man, maana ndiye anayetoa Rush Jet, na hapa unaiendesha angani utakavyo. Ni gemu ndefu. Baada ya mabosi wanane unarudishwa kwenye steji nne zilizobomolewa, na ndani yake unapigana na roboti anayeiga mabosi wote wa gemu ya pili. Weka pumzi.

Mega Man 4, ya 1991, ndiyo iliyoleta risasi ya kujaza. Anza na Toad Man. Kila unapompiga anaruka, unaserereka chini yake, unageuka, unampiga tena, na mvua yake ya sumu haipati nafasi ya kunyesha. Kisha zunguka: Bright Man, Pharaoh Man, Ring Man, Dust Man, Skull Man, Dive Man, Drill Man, kila mmoja kwa silaha ya aliyemtangulia. Angalizo langu ni kwamba risasi kubwa inatosha kwa karibu kila kitu, na ni rahisi kumaliza gemu bila kugusa silaha ulizozipigania. Jilazimishe kuzitumia.

Ya 5 na ya 6 zicheze ukiwa na hamu bado. Zimetengenezwa vizuri na steji zake ni nzuri kwa macho, ila hazikuulizi swali jipya. Ukichoka hapa, ruka.

Hatua ya 7: Vuka hadi 2008

Ya 7 ni ya Super Famicom na ya 8 ni ya PlayStation na Saturn, na shujaa amechorwa mkubwa kiasi kwamba skrini inahisi finyu. Mimi huziruka nikaenda Mega Man 9. Mwaka 2008 Capcom, pamoja na kampuni ya Inti Creates, waliamua kurudi kwenye sura na sauti za biti 8, wakamnyang'anya Mega Man kuserereka na risasi ya kujaza. Ni kama wamekurudisha kwenye Mega Man 2 ukiwa umeshakua. Mabosi wana mzunguko wao, ambao sitakuandikia. Kufikia hapa unajua kusoma steji, unajua kumwangalia bosi kabla ya kumfyatulia, na kuugundua mzunguko huo peke yako ndiyo starehe yenyewe.